Kasha Kabla ya Kipozajoto: Kompyuta ya Gemu katika Joto la Dar es Salaam

Mtu anayejenga kompyuta ya gemu jijini Dar es Salaam, katika chumba kisicho na kiyoyozi, huanzia mahali tofauti na wale wanaoandika tathmini za vifaa huko Ulaya au Marekani. Vipimo anavyovisoma vimefanywa, karibu vyote, katika vyumba vyenye nyuzijoto 20 hadi 25, ilhali chumba chake wakati wa kaskazi hubaki na nyuzijoto 31 hata saa tatu usiku. Tofauti hiyo haiondolewi kwa kununua kipozajoto (kifaa cha kuondoa joto kwenye prosesa) cha bei kubwa, kwa sababu hakuna kipozajoto cha hewa kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, na cha maji nacho hakiwezi, maana rejeta yake hupozwa na hewa hiyo hiyo.

Namba ya joto inayoonekana kwenye skrini ni jumla ya vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni joto la chumba. Cha pili ni kiasi ambacho hewa ya ndani ya kasha, yaani sanduku la kompyuta, imelizidi joto hilo. Cha tatu ni pengo lililopo kati ya hewa hiyo ya ndani na silikoni yenyewe, na hapo tu ndipo kipozajoto kinapofanya kazi yake. Kipozajoto kizuri kikilinganishwa na kizuri zaidi, tofauti katika kipande cha tatu huwa nyuzi chache; kasha baya likilinganishwa na zuri, tofauti katika kipande cha pili inaweza kufika nyuzi kumi, tena tofauti hiyo huigusa prosesa, kadi ya grafiki, RAM na SSD kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, nilipokuwa nikichagua vifaa vya mashine yangu ya sasa, yenye prosesa ya Ryzen 7 7800X3D na kadi ya RTX 4080 Super, nilianza na kasha, na kipozajoto nikakiachia pesa itakayobaki.

Inafaa kwanza kujua joto linatoka wapi. NVIDIA, waliobuni kadi hiyo, wameipa RTX 4080 Super kiwango cha wati 320. AMD, watengenezaji wa prosesa, wameipa 7800X3D wati 120, lakini katika gemu ni nadra kwa prosesa hiyo kuvuka wati 80. Ukiongeza madabodi, RAM, SSD na feni, mashine nzima humwaga takriban wati 450 ndani ya kasha, na zaidi ya theluthi mbili ya hizo ni za kadi ya grafiki. Ajabu ni kwamba mazungumzo mengi ninayoyasikia madukani huhusu kipozajoto cha prosesa, kana kwamba kadi hujipoza yenyewe. Kadi huja na feni zake, ni kweli, lakini feni hizo haziondoi joto ndani ya mashine. Zinalitoa tu kwenye mapezi ya kadi, yaani vibati vyembamba vinavyopokea joto lake, na kulitawanya humo humo kashani.

Tatizo hili lina umri wake. Mpangilio wa ATX, ambao Intel iliutoa mwaka 1995 na ambao makasha mengi bado yanaufuata, ulibuniwa wakati ambapo kadi za picha hazikuhitaji feni. Kadi hukaa chini ya prosesa, feni zake zikitazama chini, na hewa inayotoka pembeni mwake huelekea kule kule ambako kipozajoto cha prosesa kinavuta hewa yake. Intel ilijaribu kuurekebisha mpangilio huo kwa mwingine ulioitwa BTX, kisha ikauacha mwaka 2006, na ATX ikabaki. Kadi za miaka hii zimezidisha mambo: tangu NVIDIA ilipotoa toleo lake la RTX 3080 mwaka 2020, likiwa na feni inayopitisha hewa kutoka chini hadi juu kupitia ncha ya kadi, watengenezaji wengine wameufuata muundo huo, na kipozajoto cha prosesa kimepata jirani anayekipulizia hewa ya moto usoni.

Sasa swali ni hewa kiasi gani inahitajika, na hili linaweza kukadiriwa kwa fizikia ya sekondari. Kilo moja ya hewa huhitaji takriban jouli 1,005 ili joto lake lipande kwa nyuzi moja. Ukitaka hewa inayotoka kwenye kasha iwe imezidi ile inayoingia kwa nyuzi 10 tu, wati 450 zinadai karibu gramu 45 za hewa kila sekunde. Na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya hewa ya pwani yenye joto ina takriban kilo 1.15, hiyo ni karibu mita za ujazo 140 kwa saa. Ukitaka ongezeko liwe nyuzi 5, kiasi hicho ni mara mbili. Noctua imeandika kwamba feni yake ya NF-A14, ambayo ni ya milimita 140, hupitisha mita za ujazo 140 kwa saa ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, lakini kipimo hicho ni cha feni iliyo huru, isiyo na chujio mbele yake wala kadi nyuma yake. Ndani ya kasha halisi hupatikana sehemu tu ya kiasi hicho. Makasha ya bei nafuu yanayokuja na feni moja ya mbele na moja ya nyuma, zote za milimita 120, hayatoshi kwa mashine ya aina hii hapa pwani, hata yakiwa na taa za rangi zote.

Wenzangu wa Nairobi hudhani kwamba suala hili haliwahusu kwa kuwa kwao kuna baridi. Hewa ya Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, hivyo feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile hubeba joto pungufu kwa kiwango hicho hicho. Hata hivyo bado wanatushinda, maana nyuzi mbili zinazoongezeka ndani ya kasha kwa sababu ya wepesi wa hewa ni chache kuliko nyuzi saba au nane ambazo chumba chao kinawapunguzia.

Jambo la kwanza ninalolitazama katika kasha, kwa hiyo, ni uso wake. Makasha mengi yanayopangwa kwenye rafu za Kariakoo yana uso wa kioo, na hewa huingia kupitia upenyo mwembamba wa pembeni ambao kidole hakipiti. Feni tatu zenye taa zilizo nyuma ya kioo hicho hupendeza, lakini hazina pa kuvuta hewa. Makasha yaliyofungwa mbele yalikuwa na mantiki yake zamani kidogo: mwishoni mwa mwaka 2014 kadi kubwa kama GTX 980 ilikuwa ya wati 165, na kasha kama Define R5 la Fractal Design, lenye mlango uliobandikwa sifongo ya kunyonya sauti, liliweza kuihudumia kimya kimya. Leo RTX 4090 ina wati 450 na RTX 5090 ina wati 575. Watengenezaji wenyewe wamelikubali hilo kwa vitendo. NZXT, ambayo kasha lake la H510 la mwaka 2019 lilikuwa na uso wa bati zima, ilitoa H510 Flow mwaka 2021, kasha lile lile lenye uso uliotobolewa matundu.

Aliye na kasha tayari anaweza kulipima bila kifaa chochote. Acheze gemu nzito kwa nusu saa, aandike joto la prosesa na la kadi, kisha atoe kioo cha ubavuni na kurudia gemu ile ile katika joto lile lile la chumba. Joto likishuka kwa nyuzi mbili au tatu, kasha linapumua vizuri. Likishuka kwa nyuzi nane au zaidi, kasha linaibana mashine, na kununua kipozajoto kipya kabla ya kulishughulikia kasha ni kupoteza pesa.

Katika orodha yangu fupi, Torrent la Fractal Design lilikuwa la kwanza kwa ubora. Lilitoka mwaka 2021 likiwa na feni mbili za milimita 180 mbele na tatu za milimita 140 chini, na saplai ya umeme imehamishiwa juu ili sakafu yote iwe njia ya hewa ya kadi. Sijaona kasha jingine la kawaida lililobuniwa kwa nia moja namna hiyo, lakini ni kubwa na bei yake inakaribia ya kadi ya grafiki ya daraja la chini. Meshify 2 ya kampuni hiyo hiyo ni kasha la heshima, lina feni tatu za milimita 140 na nafasi ya kipozajoto chenye kimo cha hadi milimita 185. Corsair 4000D Airflow hupatikana kwa urahisi, ila linakuja na feni mbili tu za milimita 120, hivyo bei ya kweli ni bei ya kasha pamoja na feni nyingine mbili au tatu. Nilichagua Lancool 216 la Lian Li, lenye feni mbili za milimita 160 mbele na moja ya milimita 140 nyuma, uso wa matundu, na nafasi ya kadi yenye urefu wa karibu milimita 390.

Ukubwa wa feni hizo za mbele ndio ulionishawishi, na sababu yake ni kelele. Eneo linalofagiwa na feni ya milimita 160 ni karibu mara 1.8 ya lile la feni ya milimita 120, kwa hiyo inaweza kupitisha hewa ile ile huku ikizunguka polepole zaidi. Feni ikipunguzwa mizunguko kwa nusu, hewa yake hupungua kwa nusu, lakini kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15; ukiongeza feni ya pili iliyo sawa nayo ili kurudisha hewa iliyopotea, unarudisha desibeli 3 tu. Katika chumba cha nyuzijoto 31, ambamo kila feni italazimika kufanya kazi zaidi kuliko mtengenezaji alivyokusudia, kuwa na feni kubwa au nyingi zinazozunguka taratibu ndiyo njia pekee ya kucheza gemu usiku bila kuwaamsha waliolala chumba cha pili.

Kuhusu mpangilio wa feni, hewa iingie mbele na itoke nyuma. Juu ya kasha nimeweka feni moja tu ya kutoa hewa, karibu na ile ya nyuma. Ile nafasi ya juu iliyo karibu na uso niliiacha wazi makusudi, kwa sababu feni ikiwekwa hapo na kuelekezwa nje hunyakua hewa safi ya mbele kabla haijakifikia kipozajoto. Ule msemo kwamba joto hupanda, kwa hiyo sharti kasha litoe hewa juu, hauna uzito mkubwa mahali ambapo feni zinasukuma hewa. Mwendo wa hewa unaosababishwa na joto lenyewe ni dhaifu mno ukilinganishwa na hata feni moja inayozunguka mara 600 kwa dakika.

Hewa inayoingia kwa nguvu iwe nyingi kuliko inayotolewa kwa nguvu, ili ile ya ziada isukumwe nje kupitia nyufa badala ya vumbi kuvutwa ndani kupitia nyufa hizo hizo. Hili lina maana kubwa kwetu. Vumbi la hapa hukutana na unyevunyevu na chumvi ya bahari, likaganda kwenye panga za feni na katikati ya mapezi kama utando ambao brashi peke yake haiuondoi. Chujio la kitambaa chembamba sana huzuia vumbi na huzuia hewa pia, kwa hiyo napendelea uso wa matundu madogo ya chuma ambao wenyewe ni chujio la kutosha, nikijua kwamba itanibidi kufungua na kupuliza mara nyingi zaidi, hasa katika miezi mikavu ya kusi. Unapopuliza kwa bloa, shika panga za feni zisizunguke. Feni inayozungushwa kwa kasi kubwa na upepo huweza kuharibu beringi zake na kurudisha umeme kwenye madabodi.

Sasa kipozajoto. Kwa miaka mingi jibu la watu lilikuwa NH-D15 ya Noctua, iliyotoka mwaka 2014, minara miwili ya mapezi ya alumini yenye vibomba sita vya shaba vya kusafirisha joto na feni mbili, jumla gramu 1,320. Mwaka 2024 ikafuatwa na NH-D15 G2, ambayo bei yake ilikuwa takriban dola 150. Katikati ya miaka hiyo Thermalright ilileta Peerless Assassin 120 SE, yenye vibomba sita na feni mbili za milimita 120, kwa dola 35 hadi 40, kisha Phantom Spirit 120 SE yenye vibomba saba kwa bei inayokaribia hiyo. Hivi vya Thermalright huachana na vile vya Noctua kwa nyuzi chache tu. Noctua wanakupa feni bora zaidi, ukimya zaidi na udhamini mrefu, na kwa mtu mwenye Core i9-14900K, ambayo Intel inairuhusu ifike wati 253, nisingebisha akisema anataka kikubwa kuliko vyote. Kwangu Phantom Spirit ilitosha.

Ilitosha kwa sababu ya jinsi 7800X3D ilivyojengwa. Joto lake lote la maana hutoka katika kipande cha silikoni chenye eneo la takriban milimita za mraba 70, na kumbukumbu ya ziada imebandikwa juu ya kipande hicho, halafu juu yake pana kifuniko kinene cha chuma. Joto hukwama njiani kabla halijavifikia vibomba, hivyo mapezi zaidi hayaongezi faida kubwa. Ndiyo maana mtu huona prosesa inayotumia wati 70 ikisoma nyuzijoto 77, akagusa kipozajoto na kukikuta vuguvugu tu, akadhani kimefungwa vibaya. AMD ameweka kikomo cha prosesa hiyo kwenye nyuzijoto 89, na yangu wakati wa kaskazi hucheza kati ya 74 na 80, jambo ambalo halinisumbui. Katika 9800X3D ya mwaka 2024 AMD waliihamishia kumbukumbu hiyo chini ya silikoni, na joto likapata njia fupi zaidi.

Vipimo vya milimita vinahitaji uangalifu kuliko vya joto. NH-D15 G2 ina kimo cha milimita 168 na kasha la 4000D linaruhusu 170, kwa hiyo kwenye karatasi kinaingia. Lakini vijiti vya RAM vikiwa virefu, feni ya mbele ya kipozajoto hulazimika kuinuliwa juu yake, na kimo cha jumla hupanda hadi kioo kisifungike. Phantom Spirit ina milimita 154 na Lancool 216 linaruhusu takriban 180, hivyo hata feni ikiinuliwa kidogo bado kuna nafasi. Na yeyote atakayesafirisha mashine yenye kipozajoto cha kilo nzima kwa bajaji ailaze kasha kwa ubavu, madabodi ikiwa chini na kipozajoto kikisimama juu yake, kwa sababu kila shimo la barabarani huuvuta uzito huo kwenye skrubu nne.

Sikufikiria sana mfumo wa maji. Unapoza vizuri, hasa prosesa kubwa, lakini pampu yake ikifa mashine haitumiki mpaka kifaa kizima kiagizwe upya, na maji yake hupungua taratibu kupitia mipira kadiri miaka inavyopita. Feni ya milimita 120 ikifa, utapata nyingine hapa mjini siku hiyo hiyo.

Baada ya kufunga kila kitu, kazi iliyobaki ni ya mipangilio. Natumia programu ya bure ya FanControl kuzifanya feni za kasha zifuate joto la kadi ya grafiki badala ya la prosesa, kwa kuwa joto la prosesa hurukaruka kila sekunde na feni zikilifuata hupiga kelele za kupanda na kushuka zinazoudhi. Kadi yenyewe nimeipunguzia kikomo cha umeme hadi asilimia 80, na kasi ya gemu iliyopotea ni ndogo kiasi kwamba siioni nikiwa ninacheza, ilhali wati 60 zimetoweka chumbani. Chumbani ndiko joto lote linakoishia, hata kasha liwe zuri namna gani. Wati 450 ni takriban BTU 1,535 kwa saa, yaani karibu moja ya sita ya uwezo wa kiyoyozi cha BTU 9,000. Pangaboi hukusaidia wewe kwa kuwa inakausha jasho. Kompyuta haitoki jasho, na joto la hewa inayoivuta halijabadilika. Kinachoisaidia mashine ni dirisha lililo wazi jioni, na uso wa kasha usiogusana na pazia wala kusukumwa ndani ya kabati la meza.

Mwisho kuna suala la usafiri, ambalo kwetu huamua mambo mengi kuliko tathmini zote. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, kutegemea upi ni mkubwa, na kwa kawaida sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kuwa kilo moja, ingawa kampuni nyingi za vifurushi hutumia 5,000. Boksi la kasha lenye sentimita 58 kwa 55 kwa 32 litalipiwa kama kilo 17 hadi 20 hata kama ndani yake mna kilo kumi tu za bati na kioo. Kipozajoto hakina tatizo hilo. Ni kizito na kidogo, na hubebeka hata katika begi la ndugu anayerudi kutoka Dubai. Kwa hiyo kasha litafutwe kwanza, hapa nchini au kwa meli, na likishafika madabodi ifungwe ndani yake, ipimwe kwa rula kuanzia mgongo wa prosesa hadi kwenye kioo, kisha ndipo kipozajoto kilipiwe.